Mkono Uliokata Simu

Tarehe 9 Januari

Kwa Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu, soksi mbilimbili miguuni, maana baridi ya huku haina adabu. Goti langu bado linalalamika nikipanda ngazi, lakini kwingine kote ni mzima. Mwanao Nesi hajambo? Mwambie mjomba wake anamsalimu sana, na picha ya mtoto wake nimeibandika kwenye mlango wa friji, kila nikifuata maziwa naangaliwa.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Meseji zangu naona huzijibu, na simu ikiita unaigeuza kifudifudi. Nesi ndiye aliyeniambia, usimgombeze. Basi nikakumbuka baba alivyokuwa akituandikia kutoka safarini na lori lake. Mama anaikanyaga sakafu, puu puu, mtetemo unatufika magotini, tunakuja mezani, wewe unasoma kwa sauti na mikono kwa pamoja, mimi nimekaa juu ya gunia la unga. Simu ya kuongea haikuwa na kazi nyumbani kwetu, na mama hasikii. Barua ndiyo ilikuwa na kazi.

Nikueleze kazi yangu, maana sijawahi kukueleza ikaeleweka. Tuko watu sita kwenye chumba chenye pazia la kijani ukutani. Tunaifundisha kompyuta itazame video ya mtu anayeongea lugha ya alama, kisha iandike anachosema. Mimi kazi yangu ni kukaa na video hizo na kuonyesha: alama hii imeanzia hapa, imeishia hapa, maana yake ni hii. Mpango ni kwamba siku moja kiziwi afike dirishani hospitalini, aongee mbele ya kamera, karani asome, yaishe. Unakumbuka wewe na mama dirishani pale? Ulikuwa na miaka tisa, unatafsiri mambo ya tumbo lake mbele ya foleni nzima, na wanaume wamegeuka kusikiliza. Nilikuwa nimeshika sketi yako. Nilipoambiwa kuna kazi ya namna hii sikuuliza hata mshahara.

Ila kompyuta ni mwanafunzi wa ajabu. Mwezi mzima ililijua neno "maji" bila kukosea, tukapongezana na kununuliana soda. Kumbe video zote za "maji" tulimrekodi mzee mmoja mwenye saa kubwa ya mkononi. Mashine haikuwa ikitazama mkono, ilikuwa ikitazama saa. Kila mwenye saa akipita mbele ya kamera, yenyewe inaandika maji. Tunaye mwenzetu mmoja, mama kiziwi tunayemwita Bibi Miwani, ndiye mwalimu wetu wa alama. Siku hiyo alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Sasa ombi langu. Kwenye simu yako ya zamani una video za mama: akikanda mkate, akibishana na mwenye kutuuzia unga, zote zile. Naomba nyingi kadiri utakavyoweza. Zinahitajika kazini.

Mdogo wako,
Kibabu

*

Tarehe 21 Februari

Kwa Kibabu,

Marahaba. Sisi tupo, tunakula na tunalala. Nesi wanampangia zamu mbaya lakini hana neno. Mtoto ameota meno mawili na anayafanyia majaribio, juzi nimemkuta anatafuna kamba ya aproni yangu. Tanuri limebadilishwa mlango. Fundi alikuja mara tatu kwa kazi ya mara moja, na mara zote tatu aliondoka na mkate. Goti lako likande kwa maji ya moto, usijifanye kijana. Jina la Kibabu hukupewa bure.

Ingawa kweli ulipewa bure. Watoto wa mtaa walikupa kwa sababu ya unga kidevuni. Kila asubuhi unakwenda shule na ndevu nyeupe kama mzee wa miaka sabini. Nakufuta mlangoni, nakusukuma utoke, ukirudi kuchukua daftari ulilosahau unatoka nazo tena. Nilikuwa nauliza huyu mtoto anapaka uso kwenye meza au vipi.

Haya, video. "Zinahitajika kazini." Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekufundisha kufunga kamba za viatu, na ukisema uongo naujua hata kwenye karatasi. Sentensi zako zote zimekaa ndefu, hiyo moja ikawa fupi kama mtu aliyefunga mlango. Mama si saa ya yule mzee wenu, aje kutumika kupimia mashine.

Hata hivyo nimekutumia. Nesi amezitia kwenye memori kadi, nami nimeifunga kwa karatasi ya hamira, kisha nikaifunga tena, isije ikadondoka njiani. Kuna ile ya mwenye unga, kuna ya tanuri, kuna moja anamcheka baba alivyokuwa anakoroma, ingawa hakuwahi kusikia mtu akikoroma maisha yake yote. Alijulia kwa kitanda kutetemeka.

Lakini na wewe unijibu jambo moja. Siku ile ya mwisho tulipokupigia kwa picha, mtandao ukakatika. Kwa nini hukupiga tena? Mama alibaki na simu mapajani anaingoja iwake. Chai yake ikapoa, nikampashia, ikapoa. Kesho yake vilevile. Kesho kutwa yake unajua. Mazishini hukuja, na hilo sikulaumu, najua karatasi zako za ukaazi zilikuwa hazijatoka. Nasema simu. Nilijiambia ana kazi. Watu wakaniuliza, nikawaambia ana kazi. Miaka miwili nakusemea, na nimechoka.

Usipokuwa na jibu, usiandike tena kuniuliza habari ya mtoto.

Dada yako

*

Tarehe 30 Machi

Kwa Dada,

Shikamoo. Kadi ilifika inanukia hamira, na chumba kizima kazini wakauliza nani ameleta mkate. Huku baridi imepungua, soksi sasa ni moja moja. Goti nimelikanda kama ulivyosema na limenyamaza.

Video nimezitazama zote, nikazirudia. Nilikuwa nimesahau kwamba mama alijua mkate umeiva kwa kuweka kiganja kwenye mlango wa tanuri, macho amefumba, kama anamsikiliza mtu wa ndani. Nilisahau jinsi meza ilivyokuwa ikimwambia lori la baba linaingia mtaani, sisi wenye masikio bado hatujasikia chochote, yeye anafuta mikono na kuvua aproni. Na kuna ile mnakanda pamoja, mikono yake yote miwili imezama kwenye donge, anakuita kwa kiwiko. Anakupiga ubavuni, unaruka, unageuka na uso wa "nini tena". Niliirudisha nyuma mara nyingi ile, nacheka peke yangu na machozi yananitoka.

Bibi Miwani naye alitazama nami. Anasema mama yetu ana mkono wa mwokaji, alama zake fupi, za mtu mwenye kazi nyingine ya kumaliza. Mashine ilipata maneno machache tu, mengine ikakaa kimya. Bibi Miwani akawa ananitafsiria. Hilo limeniuma, Dada. Mimi ndiye niliyelelewa na mikono ile, na leo nakaa kama mgeni natafsiriwa na mtu mwingine. Miaka yote hii huku sina wa kuongea naye nyumbani kwangu kwa namna yetu. Alama za kazini nazijua, za vitabuni. Za kwetu zimenitoka.

Sasa jibu lako, na ulisome umeketi.

Mtandao haukukatika. Mama ndiye aliyekata.

Simu zetu nilikuwa nazirekodi zote, ili nizitazame tena mwisho wa wiki. Ile pia ninayo. Nilikuwa nimemwambia safari yangu imeahirishwa, mara ya tatu ile, na kwamba nitakuja mwakani. Akanitazama sana. Kisha mkono wake ukanijia, ukajaa kwenye kioo, kukawa giza, simu ikakatwa. Haikukwama kama mtandao unavyokwama. Ilikatwa.

Wewe unajua mama alivyokuwa. Ukimuudhi hakugombezi, anageuza uso. Akishageuza uso umekwisha, huna pa kusemea, utasimama nyuma yake unapunga mikono kama mjinga. Nilijua ndiyo hivyo amenigeuzia uso. Nikaogopa kupiga tena anigeuzie mara ya pili. Nikasema nimwache apoe, kesho. Kesho nikasema kesho. Basi.

Video nilizokuomba hazikuwa za kazi. Ile ya mwisho nimeitia kwenye mashine mara nyingi, na kila mara inaandika: hakuna alama. Nilifikiri ikizoea mkono wake kwenye zile nyingine, huenda siku moja itaniandikia kitu kingine, chochote, kisichokuwa mama alinisukuma. Mpaka leo haijaandika.

Nisamehe.

Kibabu

*

Tarehe 17 Aprili

Kibabu,

Marahaba. Sote wazima.

Barua yako nimeisoma, na trei mbili zimeungua. Lakini sikiliza. Simu niliishika mimi. Kwa hiyo kioo sikukiona, niliona mgongo wa simu na uso wa mama. Niliona mkono wake unakuja, nikadhani anafuta unga, maana hakuna kitu cha nyumba hii kisicho na unga. Simu ikazima, nikasema mtandao. Nilikuwa na hasira na kampuni ya simu kabla sijawa na hasira na wewe.

Uso wake haukuwa wa kugeuza. Naujua uso ule wa kugeuza kuliko wewe, wewe uliondoka, mimi nimebaki nao.

Usinieleze mashine imesema nini. Nieleze mkono ulivyokuja. Kidole kwa kidole.

Dada yako

*

Tarehe 11 Mei

Kwa Dada,

Shikamoo. Pole ya trei mbili. Mimi ni mzima, ila usingizi umekuwa wa kubahatisha tangu nipate barua yako.

Nimefanya ulivyosema. Video ni picha nyingi zilizopangwa moja baada ya nyingine, na kazini tunaweza kuzitazama moja moja. Halafu mashine inaweka nukta kwenye kila kifundo cha kidole na kuziunganisha kwa mistari, mpaka mkono wa mama unabaki kama miiba ya samaki mwenye vidole vitano. Siku zote nilikuwa naiuliza mashine maana. Safari hii sikuiuliza maana, nimezitazama tu nukta zake.

Mkono haukuja bapa, kama wa kusukuma. Unatoka chini, taratibu. Dole gumba na kidole cha shahada vimekunjwa, vinakaribiana, kama mtu anayechota chumvi kidogo. Vingine vitatu vimelala kiganjani. Kamera ya simu iko juu, kwa hiyo tunauona mkono unapita chini yake, unaelekea sehemu ya chini ya kioo, katikati kabisa. Kabla tu ya kufika, vile vidole viwili vinafunguka kidogo.

Na jambo jingine ambalo miaka miwili sikuliona. Lile giza si mkono. Ni kilemba chake. Ile nukta ya pua inakua kila picha, maana yake uso unakaribia. Mama alikuwa anainama mbele, Dada. Alikuwa anasogea kwangu.

Nilimwita Bibi Miwani. Akatazama, akarudisha, akatazama. Akaniambia kwa mikono: mtu akiongea haongei ndani ya kamera, anaongea kwenye mwili wake, hapa kifuani, hapa usoni. Huyu anakwenda kugusa kitu. Anagusa nini? Nikamjibu, anagusa kioo. Akaniangalia kwa zile miwani zake akasema hakuna mtu anayeinamia kioo namna hiyo. Kisha akarudi kwenye meza yake, na siku nzima naona ananitupia jicho.

Hicho ndicho nilichonacho. Wewe ndiwe uliyebaki na lugha ya nyumba ile. Kama hata wewe hujui ni nini, basi tuache, tumwache mama apumzike, na mimi nitaishi nalo.

Kibabu

*

Tarehe 14 Juni

Kibabu wangu,

Marahaba mdogo wangu, marahaba mara nyingi. Sisi wazima wote. Mtoto amesimama peke yake juzi, akakaa, akasimama tena kuhakikisha. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kila nikianza kalamu inalowesha karatasi, na Nesi amenikataza kuandika nikiwa nalia, anasema utadhani kuna msiba mwingine.

Barua yako niliisoma nimesimama mezani, mikono ina unga. Nilipofika kwenye chumvi, mkono wangu wenyewe ukafanya. Dole gumba na cha shahada. Nikautazama kama si wangu.

Nikamwita Nesi, nikamwambia nenda chumba cha pili unipigie kwa picha. Akaniuliza, "Mama, vipi?" Nikamwambia nenda. Akapiga, uso wake ukajaa kwenye kioo. Nikatafuta kidevu chake pale kwenye kioo, nikakishika kwa vidole viwili. Simu ikakatika. Akatoka, "Mbona umekata?" Nikamwambia rudi. Akapiga tena, nikashika tena, ikakatika tena. Kitufe cha kukatia simu, Kibabu, kile chekundu, kimekaa palepale kwenye kidevu cha mtu.

Lile ni jina lako.

Mama alipokuzaa alikuwa hana njia ya kukuita. Mtoto mchanga hajui kutazama mikono, basi yeye akawa anaweka alama mwilini mwako. Usingizi alikuwekea kwenye jicho lako. Maziwa, kwenye mdomo wako. Na jina alikupa kwa lile bonde dogo la kidevu chako, analibana kwa vidole viwili. Kwa wengine, watoto wakikua, mama anarudisha alama mwilini mwake. Wetu hakurudisha. Kwa watu wengine aliongea kama wanavyoongea viziwi wote, lakini kwetu sisi uso wetu ndio ulikuwa ubao wake. Ndiyo maana ulikuwa na ndevu nyeupe kila asubuhi. Mimi nafuta mlangoni, yeye anakuita tena ushike daftari, tayari. Ulikuwa unakwenda shule umeandikwa jina, na mtaa mzima unakucheka, na mimi nakufuta. Nimekaa na hilo wiki nzima.

Na ndiyo maana hukulijua ulipoliona. Hukuwahi kuliona. Ulikuwa unalisikia kwenye ngozi. Ukiwepo, alikuwekea wewe. Usipokuwepo alijibana kidevu chake mwenyewe, akituuliza habari zako, lakini hiyo ungeionea wapi na wewe haupo? Tangu uondoke kile kidevu chake alikibana mpaka nikamwambia kitang'oka.

Ulimwambia mama huji mpaka mwakani. Akakutazama, uso wako umejaa mbele yake, karibu kuliko ulivyowahi kuwa miaka yote. Akainama akakuita. Simu ikazima mkononi mwangu. Akaniuliza, ameenda wapi? Nikamwambia mtandao, atapiga. Akaichukua, akaiweka mapajani.

Hakukukataa. Mtu hamwiti anayemkataa. Na mimi nimekukasirikia bure, na wewe umemkasirisha mama kichwani mwako bure, na yeye amekaa anangoja, akijua ni mtandao. Afadhali alijua ni mtandao. Hilo ndilo linalonituliza.

Nikuambie na langu, kwa kuwa tumeshafungua gunia. Mimi jina langu ni kile kiwiko ulichokicheka. Mimi ndiye niliyesimama kushoto kwake mezani tangu utoto, mikono yake haitoki kwenye donge, basi jina langu likawa kiwiko ubavuni. Tangu amekufa hakuna aliyeniita. Wateja wananiita kwa mdomo, Nesi ananiita mama kwa mdomo, na nawashukuru. Lakini ubavu wangu umekaa kimya miaka miwili. Nikikanda bado nasimama upande uleule wa meza, namwachia nafasi yake, na hakuna anayesimama. Wakati mwingine naongea kwa mikono na tanuri. Tumebaki wawili duniani tunaojua lugha ya nyumba ile, na mmoja wetu ananiambia imemtoka. Sasa mimi nikiongea, naongea na nani?

Haya. Mkate unaniita.

Dada yako

*

Tarehe 20 Julai

Kwa Dada,

Shikamoo, Dada. Barua yako niliifungulia kazini, na hilo lilikuwa kosa, maana ilibidi nikajifungie stoo nyuma ya pazia la kijani. Nilijishika kidevu. Mkono ulikuwa wa kwangu, lakini ngozi ikakumbuka kabla yangu: nikasikia unga, ule ubaridi wake wa asubuhi, na kidole gumba chenye ule mkato wa kisu cha mkate. Nikasikia naitwa. Nimekaa humo mpaka Bibi Miwani akaja kuwasha na kuzima taa, kama mama alivyotufundisha kuitana kupitia mlango uliofungwa. Viziwi wote duniani nadhani wana desturi hiyo.

Nilimweleza yote. Hakucheka. Alisema tangu tuanze kazi tumekuwa tukiwarekodi watu mmoja mmoja, kila mtu amesimama peke yake mbele ya ukuta, mikono kwenye mwili wake. Hatujawahi kumrekodi mama na mtoto wake. Mashine haikuona alama kwa sababu nusu ya alama ilikuwa juu yangu, na mimi nilikuwa nchi nyingine. Ameandika barua kwa wakubwa kwamba kuanzia sasa watu waje wawili wawili, na wakubwa wamekubali, ingawa wamelalamikia gharama ya chai.

Kazini kila kipande cha video lazima kiandikiwe maana yake. Akaniuliza hiki cha mama tukiandikie nini. Nimekitoa, Dada. Zile nyingine za mama zibaki, ziisaidie mashine, na yule mtoto wa miaka tisa aliyesimama dirishani hospitalini apumzike. Lakini hiyo moja nimekaa nayo. Niliifungua jana, nikaona mkono unakuja, na safari hii sikurudi nyuma kwenye kiti. Nilisogeza uso.

Nimeomba likizo na wamenipa. Tiketi ninayo, na safari hii haiahirishwi. Nimekata isiyorudishiwa pesa ili nisipate pa kukimbilia. Nitafika mwisho wa Agosti. Usinitengenezee kitanda, nitalala popote, hata kwenye magunia. Mtoto mwambie asimame vizuri, mjomba wa mama yake anakuja.

Alama zimenitoka, sikudanganyi. Utanifundisha upya, na utanicheka, na nitastahili. Lakini moja nimeifanyia mazoezi huku, mpaka Bibi Miwani anauliza nina tatizo gani la bega.

Nitaingia kwa mlango wa nyuma, asubuhi, ukiwa unakanda. Usigeuke. Nitanawa, nitavaa aproni ya mama kama bado ipo, nitasimama kwenye ile nafasi uliyoiacha, na kabla ya salamu nitaizamisha mikono yangu yote miwili kwenye donge, nikose njia nyingine ya kukuita isipokuwa kiwiko.

Mdogo wako,
Kibabu